Toba ya Jirani

Mchungaji alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuhubiri sheria ya Mungu juu ya mtu anayesogeza mpaka wa mwenzake, jirani wa Idamiz akapiga magoti mbele ya kanisa zima, machozi yakimtiririka.

"Nimetubu, jamani! Ule ua wa minyaa nitaurudisha ulipokuwa!"

"Amina!"

"Dada Idamiz," mchungaji akasema, "mpe mkono ndugu yako, yaishe."

Idamiz akaenda shingo upande. Tangu lini huyu akalia? Hata alipomzika mamake, pale Jakmel, alikuwa mkavu.

Akampa mkono, ukanata. Kiganja cha yule bwana kilikuwa na utomvu mbichi wa mnyaa, ule unaochoma macho.

Idamiz hakukiachia.

"Ndugu yangu, leo asubuhi, kabla hujaja kutubu, ua umeufikisha wapi?"