Bwawa Lililofuliwa

Kikaratasi cha kupimia maji kiligeuka zambarau. Mpima maji alikuwa hajawahi kuona rangi hiyo kwenye bwawa lile lililo chini ya jaa la manispaa. Akainusa chupa. Ilinukia kama shuka nyeupe zilizotoka kuanikwa.

Akageuka polepole. Mama mkwe wake alikuwa ukingoni, ufagio mkononi, uso umechanua.

"Mama, umetia nini humu?"

"Dawa kidogo tu ya kung'arishia nguo. Madumu mawili. Mkwe wangu aje kupima, akute uchafu mbele ya nyumba yangu? Uso nitauweka wapi?"

"Lakini mama, maji yakionekana safi, jaa halihamishwi ng'o! Si wewe uliyelipigia kelele mwaka mzima?"

Mama mkwe akajiziba mdomo. "Makubwa haya!"

Akatazama ukingo alioufagia tangu alfajiri, kisha akatazama ng'ambo, kwenye maji meusi yenye povu. Mara uso ukachanua tena. Akamshika mkwewe mkono, akamvuta mbiombio kuzunguka bwawa.

"Chota hapa, mwanangu, jaza mpaka juu! Hapa ni kwa jirani."