Upande wa Kitanda

Mama Ratri alipotia chumvi kwenye chai kwa mara ya tatu wiki hiyo, mumewe aliona yamezidi. Kesho yake alimpeleka hospitali. Mkoba wa nguo aliubeba yeye mwenyewe, maana mkewe alisema huenda mtu akalazwa.

Mumewe, Mzee Wignyo, alikuwa ametumikia kasri la sultani miaka arobaini. Huko haraka haina baraka kwelikweli. Aliburuza miguu kwa hatua fupifupi, na akiulizwa jambo alinyamaza sana kabla ya kujibu. Watumishi wapya walimwiga. Lakini mkewe, muuza tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, sokoni, naye mwezi huo alianza kuburuza miguu, na kasri hajawahi kulikanyaga.

Daktari Endah aliwapokea kwa upole. "Maji yakituama kwenye vyumba vya ubongo, miguu hunata sakafuni, mtu husahau, na haja ndogo haingoji. Watu hudhani ni uzee. Tukiwahi, tunayatolea njia kwa mrija. Tukichelewa, mwili hubaki, mwenyewe huondoka."

Mzee akasema, "Ndiyo yenyewe hiyo. Huyu anasahau kila kitu, daktari. Kitanda kikilowa, eti ni mimi."

"Kinalowa upande wa nani, Baba Ratri?" mkewe aliuliza.

"Unaona, daktari? Hata upande wake haujui."

Alijitia kucheka, lakini alikuwa na hofu. Mkewe akimpotea, nani atamkumbusha majina ya wajukuu?

Daktari aliwaomba watembee wote wawili hadi dirishani na kurudi, ili mama asione haya. Mama Ratri alitangulia, akijikokota. Mzee alimfuata kwa mwendo wake wa kasri. Kugeuka tu kulimchukua hatua kumi na moja. Daktari aliandika.

"Usiogope, Mama Ratri," mzee alisema, akimshika mkono. "Wakikulaza, nalala hapahapa. Siondoki mpaka wamalize."

"Umeahidi mbele ya daktari."

"Nimeahidi."

Mama Ratri aliinuka, akavuka chumba kwa hatua nne nyepesi hadi kwenye kitanda kilichotandikwa kando ya ukuta, akafungua mkoba. Akatoa wembe wa mumewe, miwani ya mumewe na saruni tano za mumewe.

"Njoo, Baba Ratri," alisema. "Leo upande wowote ni wako."