Reli Chini ya Lami

Nilipotoka na funguo za duka nikamrudishie mwenye nyumba, mafundi wa bomba walikuwa wamechimba barabara mbele ya mlango wetu. Chini ya lami kulikuwa na reli mbili nyeusi.

Marehemu mume wangu, Vuai, alikodi duka hili la Southall, London, kwa sababu ya tramu, gari la reli la mjini. Walitangaza kwamba itapita hapa. Mradi ukafutwa, yeye akaendelea kuingoja mpaka alipofariki Ramadhani iliyopita. Wanaume wakaenda kumzika; mimi, kama ilivyo desturi yetu, nikabaki nyumbani.

"Hii reli ya nini?" nilimuuliza fundi.

"Ya tramu, mama. Tramu yenyewe waliisimamisha kabla baba yangu hajazaliwa. Walisema mabasi yanatosha."

Shemeji, aliyekuwa amebeba mizani ya duka, akacheka. "Kumbe tramu ya Vuai ilishapita."

Niliinama nikaigusa reli. Chuma kilikuwa baridi, na juu kilikuwa laini, kimelika kwa magurudumu.

"Sogea kidogo, mama. Tunafukia."

Shemeji akanishika mkono twende. Nikautoa.

"Fukieni," nikasema. "Hii ikizikwa nitaiona mwenyewe."