Mahali pa Kutaja Haja

Washenga walikuwa sebuleni wakingoja jibu la posa. Shangazi akamfuata Saumu jikoni.

“Haya mwanangu, istihara umesali siku tatu, Mungu akuonyeshe njia. Umeota nini?”

“Sijaota kitu, shangazi. Nimelala kama gogo.”

“Basi ni heri hiyo! Nikawaambie ndiyo?”

Saumu aliendelea kuchagua mchele. “Ile dua ina mahali pa kutaja haja yako. Kila nikifika hapo nimtaje huyo anayeniposa, ulimi unataja ukunga wangu.”

“Na mwenzio kashasema hataki mke wa kuamshwa-amshwa usiku akazalishe!”

“Ndiyo.”

“Ungemtaja hata mara moja, mtoto wewe.”

“Nilijaribu, shangazi.”

Sebuleni mtu akakohoa. Shangazi akalibeba sinia la kahawa hadi mlangoni, akasimama nyuma ya pazia, akitafuta namna ya kuwaambia hapana.