A Tatu za Mzee Suud

Nilipomaliza kupanga neno CHAPA, herufi A kubwa ziliisha. Herufi zetu za risasi, za kupigia chapa, zilitoka Uingereza, na Waingereza hawatumii A nyingi kama sisi. Tulikuwa nazo saba. Jina CHAMA CHA WAPIGA CHAPA WA KARIAKOO lilitaka kumi. Katiba yenye jina hilo ilipaswa kufika kwa msajili kabla ya saa tisa, la sivyo chama hakuna.

“Mzee Suud anazo,” mwenzangu alisema, “lakini ndiye aliyeapa hajiungi. Eti sisi ni washindani wake, na paka na panya hawali sahani moja.”

Mlango ukafunguka. Alikuwa Suud mwenyewe, kutoka kiwanda chake cha chapa ng'ambo ya barabara.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Nasikia A zimewagomea.”

Akafumbua kiganja. Zilikuwemo herufi tatu, bado zina wino mbichi.

“Nimezing'oa kwenye kadi ya harusi ya binti yangu. SAADIYA sasa anaitwa SDIY. Fanyeni haraka, mama yake asije akaona.”

Tulicheka mpaka meza ikatikisika. Nikapanga ya kwanza, nikapanga ya pili. Niliponyoosha mkono kuchukua ya tatu, akafumba kiganja.

“Hii naipanga mwenyewe,” alisema. “Mwanachama hapangiwi.”