Mkeka wa Bibi Arusi

Shamso alipoinuka kwenda kuswali alasiri, Rukiyo aliuinamia mkeka ulioanzwa, akachomoa ukindu mmoja mwekundu katika safu ya kwanza, akapachika mweupe. Roho ilimsuuzika.

Tangu asikie kwamba Hared, mumewe, anaoa binti wa Mandera, wivu ulikuwa ukimla. Mafuriko ya El Niño yaliiozesha mikeka iliyoezekea nyumba yake, paa likabaki viraka, na Hared hakusema neno. Leo Shamso, dada yake Hared, msukaji asiye na mwenzake Garissa nzima, amekalishwa kusuka. Kwa ajili ya nani, kama si huyo mgeni?

Kosa dogo lingetosha. Shamso hakufuata mchoro, alifuata kanuni. Kila ukindu ulitazama mbili zilizo juu yake: zikifanana rangi, uwe mwekundu, zikitofautiana, uwe mweupe. Safu ya kwanza aliipanga yeye. Zilizobaki zilijipanga zenyewe, pembetatu ndani ya pembetatu, mpaka mkeka ukitandazwa juu ya fito zilizopindwa, nyumba nzima ilichanua. Ukindu mmoja ukikosewa, kosa huteremka likipanuka kila safu.

Shamso alirudi, akaendelea na kazi. "Abaayo, dada yangu, pindo nitie jeusi au buluu?"

"Muulize mwenye nyumba," Rukiyo akajibu kwa uchungu.

Shamso akaitazama shela ya buluu ya Rukiyo, akacheka. "Basi buluu."

Siku zikapita, kosa likashuka. Shamso alikunja uso, akafumua, akakagua, akaona kanuni haijavunjwa popote. Akaendelea kusuka machozi yakimlenga. Rukiyo alimwonea huruma kidogo, kidogo sana.

Siku ya arusi wanawake walikuja kwa vigelegele, wameubeba mkeka mabegani, pembetatu zimevurugika upande mzima. Rukiyo alisimama mlangoni aione vizuri aibu hiyo ikipita kwenda kwa mke mwenzake.

Haikupita. Waliutua miguuni pake.

"Nisamehe, abaayo," Shamso akasema. "Wallahi sijui nimekosea wapi. Bibi arusi kanunuliwa mkeka wa plastiki dukani. Huu Hared aliniagiza kwa siri. Alisema mke wa kwanza atulizwe kwa kitu ambacho mwingine hatakipata."