Historia Fupi ya Mzee Mughwai

Begi la mzee lilikuwa limeshaingia kwenye gari Magreth aliposimama mlangoni na kumzuia mwanawe.

"Nipe nusu saa tu, Joshua. Akinitambua, haendi."

Joshua alishusha pumzi. Baba yake, Mzee Mughwai, alikamua alizeti pale Mandewa kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Sasa hakumjua hata mkewe. Mara mbili mwezi ule aliokotwa barabara ya Kiomboi, akitafuta mashine alizoziuza zamani. Masista wa kituo cha wazee Dodoma walikuwa wanamsubiri, na kule mke haruhusiwi kuishi na mumewe.

"Nusu saa, mama. Basi."

Magreth alikuwa amejiandaa. Aliazima viti vya plastiki, akaita majirani na wateja wa zamani. Kila aliyeingia alitoa shikamoo, mzee akaitikia marahaba kwa adabu, asimjue hata mmoja. Watu wakaketi kimya. Nani angepiga soga siku kama ile?

"Soma yote," Magreth alimwambia Joshua, akimpa karatasi aliyoiandika mwenyewe. "Usiruke kitu."

Joshua, ambaye ni mzee wa kanisa, alisimama akasoma kwa sauti yake ya ibadani. Mzee Mughwai alizaliwa Ilongero mwaka 1947. Alianza na mashine moja mbovu, akaishia na tatu. Hakuwahi kumpunja mkulima mashudu yake, makapi yanayobaki baada ya kukamua. Alimwoa Magreth, wakajaliwa watoto watano. Kila Jumapili alipika uji mwenyewe, ili mama yao apumzike.

Hapo sauti ilimkatika. Kina mama wawili wakaanza kulia.

Mzee Mughwai alivua kofia.

Magreth aliona. Machozi yalikuwa yanamtiririka mzee mpaka kidevuni. Tangu augue hakuwahi kulia.

"Huyo Magreth," mzee aliuliza taratibu, "yupo hapa?"

"Yupo! Ni mimi, baba Joshua! Ni mimi!"

Mzee aliinuka, akajikongoja kati ya viti mpaka alipokuwa Magreth, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Joshua alitoa funguo za gari mfukoni, akaziweka mezani.

"Pole sana, mama," alisema Mzee Mughwai. "Mumeo alikuwa mtu wa watu. Tunamzika saa ngapi?"